Ukungu wa Songwe na Mtihani wa Rubani

Abiria wa Mbeya wana swali ambalo halizeeki. Ndege imetoka Dar es Salaam alfajiri, imeruka zaidi ya saa moja, na sasa inazunguka juu ya Uwanja wa Ndege wa Songwe. Dirishani ni weupe mtupu. Inazunguka tena. Kisha sauti ya rubani inasikika: uwanja umefunikwa na ukungu, tunarudi Dar es Salaam. Hapo minong'ono inaanza. Mwenye kikao anatazama saa, anayewahi mazishi anasonya, na lazima atokee mmoja wa kuuliza kwa sauti: "Sasa huyu rubani kasomea nini, kama ukungu tu unamshinda?"

Swali hilo lina uzito kuliko anavyodhani anayeliuliza, maana ndani yake mna maswali mawili. Rubani huonaje njia wakati hakuna kinachoonekana? Na nani alimpima, kwa mtihani gani, hata akakabidhiwa watu awapitishe katikati ya wingu? Sura hii inajibu yote mawili. Nianze na jibu lenyewe: sehemu kubwa ya mtihani wa kuruka bila kuona nje haipimi ustadi wa kutua. Inapima kama rubani anajua, kwa namba, ni wapi hasa anapotakiwa kuacha kutua.

Sheria za macho na sheria za vyombo

Ndege zote duniani huruka kwa kufuata moja kati ya mafungu mawili ya sheria.

Fungu la kwanza ni kuruka kwa kuona, ambalo marubani huliita kwa herufi VFR. Rubani anatazama nje, anaiona ardhi, milima, mawingu na ndege nyingine, na anakwepa kwa macho yake. Ndege ndogo nyingi zinazopeleka watalii Hifadhi ya Ruaha huruka hivyo: rubani anaufuata mto, anakiona kiwanja cha Msembe, anahakikisha hakuna twiga njiani, anatua. Wingu likitanda mbele yake haruhusiwi kuliingia.

Fungu la pili ni kuruka kwa vyombo, yaani IFR. Hapa rubani anaongozwa na saa na skrini zilizo mbele yake: kipimo cha mwendo, kipimo cha kimo kiitwacho altimita, dira, na upeo bandia, yaani chombo kinachomwonyesha ndege imelalia upande gani na pua yake inaelekea juu au chini. Njia anayoifuata imechorwa kabla kwenye ramani maalumu, na kila kipande chake kina kimo ambacho hatakiwi kushuka chini yake.

Sheria hizi zina asili moja kote duniani. Mnamo tarehe 7 Desemba 1944 nchi kadhaa zilitia saini Mkataba wa Chicago, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Shirika hilo huweka viwango, na kila nchi inaviingiza katika kanuni zake. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo ndiyo hutoa leseni za marubani na kusimamia mitihani yao.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali ambapo tofauti ya mafungu haya mawili huonekana wazi. Songwe, uwanja uliofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani uliobanwa na milima na nyumba za jiji la Mbeya, uko kwenye kimo cha futi 4,400 hivi, yaani zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Karibu yake vimesimama Kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800, na Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Uwanja wa Nduli, Iringa, uko juu zaidi kidogo ya Songwe, na mashariki yake kuna safu ya Udzungwa. Kati ya Novemba na Aprili mvua hulowesha ardhi. Usiku ukiwa mtulivu, bila upepo, ardhi inapoa, hewa yenye unyevu iliyo juu yake inapoa nayo, na kufikia alfajiri bonde lote limefunikwa.

Dereva wa basi akikuta ukungu kwenye mlima wa Kitonga hupunguza mwendo, na akizidiwa huegesha pembeni. Rubani hana pembeni. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa huacha kuibeba. Kwa hiyo maamuzi ambayo dereva huyafanya akiwa barabarani, rubani inambidi awe ameyafanya kabla hajafika.

Mwili unavyodanganya

Kwa nini basi isitoshe rubani kuwa makini na kuruka polepole ndani ya wingu? Kwa sababu binadamu asiyeona nje hawezi kujua ameelekea wapi. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji yanayotuambia kama tunageuka. Yanahisi mwanzo wa mgeuko, lakini mgeuko ukiendelea kwa utaratibu yanatulia, na ubongo unaamini mambo yamenyooka. Jaribu mwenyewe: kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, fumba macho, mtu akuzungushe taratibu bila kubadili mwendo. Baada ya muda mfupi utahisi umesimama. Akikusimamisha, utaapa unazunguka upande wa pili.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua marubani wanafunzi 20 wasiokuwa na ujuzi wa vyombo, wakawazuia kuona nje wakiwa angani. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Aliyewahi zaidi alichukua sekunde 20, aliyechelewa zaidi sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Kwamba inawezekana kuruka bila kuona nje kabisa kulikwisha kuthibitishwa robo karne kabla ya hapo. Tarehe 24 Septemba 1929, rubani wa jeshi la Marekani, Jimmy Doolittle, aliruka na kutua akiwa amefunikwa ndani ya chumba chake, akitegemea vyombo peke yake. Alichokionyesha siku ile ndicho kila rubani wa IFR hufundishwa hadi leo: sikio likisema hivi na chombo kikisema vile, kifuate chombo.

*Kwa kifupi: kuruka ndani ya wingu ni ujuzi wa pekee. Rubani hodari wa mchana mweupe anaweza kupotea humo ndani ya dakika tatu, na ndiyo maana ujuzi huu una kibali chake na mtihani wake.*

Mtihani wa karatasi

Mwombaji wa kibali cha kuruka kwa vyombo huanza mezani. Viwango vya ICAO vinataka apimwe katika mambo haya:

- sheria za anga;
- ndege na vyombo vyake, pamoja na makosa ambayo vyombo vyenyewe huweza kufanya;
- upangaji wa safari na mafuta;
- uwezo na udhaifu wa binadamu;
- hali ya hewa;
- kutafuta na kushika njia;
- taratibu za kuruka, kukaribia uwanja na kughairi kutua;
- mawasiliano ya redio.

Alama za kufaulu hutofautiana. Ulaya ni asilimia 75, Marekani ni asilimia 70. Lakini alama hazikuonyeshi mtihani wenyewe ukoje. Tuketi basi kwenye kiti cha mtahiniwa tuyatazame maswali matano ya aina anayokutana nayo. Nimeyaweka katika mazingira ya Nyanda za Juu, na namba za hali ya hewa na za karatasi za uwanja, yaani ramani za kutua, ni za mfano.

*Swali la kwanza: taarifa hii inasema nini?*

HTGW 220400Z 00000KT 0400 FG VV001 15/15 Q1022

Hivi ndivyo hali ya hewa ya uwanja inavyoandikwa duniani kote. Tuifungue kipande kwa kipande:

- HTGW ni Songwe. Iringa ni HTIR, Dar es Salaam ni HTDA.
- 220400Z ni tarehe 22, saa 04:00 kwa saa za dunia. Ongeza tatu upate 07:00 ya Afrika Mashariki, yaani saa moja asubuhi.
- 00000KT: hakuna upepo.
- 0400: mtu anaona hadi mita 400 tu. Tarakimu ni zilezile za saa, na asiye makini huzichanganya.
- FG ni ukungu.
- VV001: ukitazama juu unaona futi 100 tu.
- 15/15: joto la hewa ni nyuzi 15, na hewa ingeanza kugeuka umande kwenye nyuzi 15. Namba hizo mbili zikilingana, hewa imeshiba maji, na ukungu una kila sababu ya kuwepo.
- Q1022 ni mgandamizo wa hewa, ambao tutauhitaji baadaye kidogo.

Kusoma ni nusu ya swali. Nusu ya pili inauliza: kama karatasi ya uwanja inataka uono usiopungua mita 1,500, rubani aruhusiwe kushuka? Sheria inasema uono ukiwa chini ya kiwango, asishuke chini ya futi 1,000 kutoka kimo cha uwanja. Kwa Songwe, hapo ni futi 5,400 hivi kwenye altimita. Anaweza kuzunguka juu akisubiri kupambazuke vizuri, na ile mizunguko inayowachosha abiria ndiyo hiyo. Kujaribu-jaribu tu aone hakumo katika sheria.

*Swali la pili: ndege inatoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, iruke futi 23,000 au 24,000?*

Jibu ni 24,000. Ndege za IFR zinazoelekea upande wa mashariki wa dira hushika maelfu ya namba witiri: 19,000, 21,000, 23,000. Zinazoelekea magharibi hushika maelfu ya namba shufwa: 20,000, 22,000, 24,000. Ndege ya kwenda Mbeya inaelekea kusini-magharibi, na inayorudi inaelekea mashariki. Zikipishana mahali fulani juu ya Iringa, kati yao kuna angalau futi 1,000, hata kama zote mbili zimo ndani ya wingu moja.

*Swali la tatu: mwongoza ndege ametaja mgandamizo wa 1012, rubani amesikia 1022. Ndege iko juu au chini ya kimo anachokisoma?*

Altimita haipimi umbali wa ardhi. Inapima mgandamizo wa hewa na kuubadili kuwa futi, kwa hiyo inataka iambiwe mgandamizo wa mahali pale ni kiasi gani. Kila hektopaskali moja, kipimo cha mgandamizo, ni sawa na futi 28 hivi. Makosa ya hektopaskali 10 ni futi 280. Rubani aliyeweka namba kubwa kuliko ya kweli atasoma kimo kikubwa kuliko alichonacho, wakati ndege iko chini zaidi.

Mei 2022 jambo hili lilitokea Paris. Ndege aina ya Airbus A320 ilikuwa inashuka ndani ya mvua kuelekea uwanja wa Charles de Gaulle. Mgandamizo ulikuwa 1001, mwongoza ndege akataja 1011. Marubani walirudia namba hiyohiyo, na hakuna aliyeshtuka. Wakashuka futi 280 chini ya walipodhani wako. Walipofika kwenye kimo ambacho karatasi inawataka wawe wameiona njia ya kurukia, hawakuona kitu, wakapaa tena. Kabla ndege haijaanza kupanda ilikuwa imebakiza futi 6 juu ya ardhi, na njia ya kurukia bado haijafikiwa. Mitambo yao haikuwa mibovu. Kilichowaokoa ni jibu la swali linalofuata.

*Swali la nne: umefika kimo cha uamuzi, unaona weusi unaofanana na lami. Ufanye nini?*

Kimo cha uamuzi ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya uwanja. Rubani akiifikia anatakiwa awe anaona kitu kinachotambulika bila shaka: taa za kuelekea njia ya kurukia, mwanzo wa njia yenyewe, alama zake, au taa zake. "Weusi unaofanana na lami" haumo katika orodha hiyo. Jibu ni kupaa tena mara moja. Mtahiniwa anayejibu kwamba atashuka kidogo zaidi ahakikishe, ndiye hasa ambaye swali lilitungwa kumnasa.

*Swali la tano: redio imekufa ukiwa ndani ya wingu. Watu wa chini watajuaje unakokwenda?*

Kwanza rubani anaandika 7600 kwenye transponda, kifaa kinachojibu rada, na hapo waongoza ndege wanajua amepoteza mawasiliano. Kisha anashika mwendo na kimo alichopewa mara ya mwisho, kwa dakika 7 palipo na rada au dakika 20 pasipo na rada, na baada ya hapo anafuata mpango wa safari aliouwasilisha kabla ya kuruka. Hasemi na mtu, lakini waliopo mnarani wanajua atakuwa wapi na saa ngapi, kwa sababu nao wamefanya mtihani wa sheria hizohizo.

*Kwa kifupi: maswali yote matano yanafanana katika jambo moja. Kila jibu ni uamuzi uliokwisha kufanyika mezani, ili rubani asiufanye kwa kubahatisha akiwa ndani ya wingu.*

Mtahini akiwa kiti cha pembeni

Kufaulu karatasi hakumpi mtu kibali. Viwango vya ICAO vinataka mwombaji awe amesafiri angalau saa 50 kutoka uwanja mmoja hadi mwingine yeye akiwa ndiye rubani mkuu, na awe na saa 40 za kuruka kwa vyombo, ambazo sehemu yake inaweza kufanyika ardhini kwenye simuleta. Simuleta ni chumba kilichojengwa mfano wa chumba cha rubani, kinachoigiza mwendo, sauti na hitilafu za ndege halisi. Inatakiwa pia athibitishe kwamba anakimudu Kiingereza cha redioni, si chini ya daraja la nne kati ya sita, maana mazungumzo kati ya ndege na mnara hapa kwetu hufanyika kwa lugha hiyo.

Ndipo anapanda na mtahini. Mtahiniwa huvaa kinga inayomziba asione nje, abaki anaona vyombo tu. Mtahini ameketi kando yake, anaona kila kitu, na hasemi neno lisilo la lazima. Atamwagiza aingie kwenye mzunguko wa kusubiri: umbo la yai refu angani, mikunjo ya kulia, kila mstari ulionyooka ukichukua dakika moja ikiwa wako chini ya futi 14,000. Huko ni kupima saa, upepo na hesabu kwa wakati mmoja. Kisha anaweza kuuziba upeo bandia, aone kama mwanafunzi atashika ndege kwa vyombo vilivyobaki. Kama ndege ina injini mbili, anarudisha nguvu ya moja na kutazama kitakachofuata.

Sehemu nzito zaidi huja mwisho. Wanashuka kuelekea uwanjani. Mtahiniwa anasoma kimo kwa sauti, futi mia kwa mia. Uwanja uko mbele yao, jua linawaka, mtahini anaiona njia ya kurukia kama kiganja cha mkono wake. Kinga haiondolewi na mtahini hasemi kitu. Namba inafika. Hapo mtahiniwa anatakiwa atamke kwamba haoni na anaghairi, aongeze nguvu, ainue pua, akunje magurudumu na kuufuata mchoro wa kupaa. Akisitasita na kushuka chini ya namba, mtihani umekwisha, hata kama mengine yote ameyafanya bila kasoro.

Mtihani usiokoma

Watu wengi hudhani rubani hutahiniwa mara moja kama mwanafunzi wa kidato cha nne. Kwa marubani wa ndege za biashara sivyo. Viwango vinataka wapimwe mara mbili katika kila mwaka, na vipimo viwili vinavyofanana visifanyike ndani ya miezi minne mfululizo, ili mtu asivimalize Januari na Februari kisha akapumzika hadi mwaka unaofuata. Vingi hufanyika kwenye simuleta, na kwa kuwa mitambo hiyo ni ghali, marubani wengi wa eneo letu husafiri nje kuifuata, kama Addis Ababa.

Ndani ya simuleta mwalimu anaweza kuleta ukungu wa aina yoyote, kuua injini, kuzima skrini, na kuzirudisha. Nahodha mwenye nywele nyeupe na rubani msaidizi aliyeanza kazi mwaka jana hupimwa kwa karatasi moja. Anayeshindwa haendi kazini hadi afundishwe tena na kufaulu.

Kurudi nako kuna sheria

Abiria huona kurudi kama kugeuza usukani. Katika milima, kughairi kutua ni sehemu inayodai hesabu kama ilivyo kutua kwenyewe. Mchoro wa kupaa hutengenezwa kwa kuchukulia kwamba ndege itapanda angalau mita 25 kwa kila kilomita moja ya kwenda mbele, na kwamba itashika uelekeo uliochorwa. Rubani anayegeuka mapema kwa sababu "huku ndiko nilikotokea" anaweza kuwa anaelekea mlimani. Kwa hiyo hufundishwa kupanda kwanza, kisha kugeuka pale mchoro unaposema.

Njiani nako kuna kimo cha chini. Kwenye nchi ya milima, ndege ya IFR hutakiwa kuwa angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8 kutoka ilipo. Kwingineko ni futi 1,000. Rungwe ina futi 9,700 hivi, kwa hiyo anayepita karibu yake ndani ya wingu hana ruhusa ya kuwa chini ya futi 11,700.

Majirani zetu wamelipa kwa uchungu pale milima na mawingu vilipokutana. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, nchini Kenya, na watu wote 10 wakafariki. Tarehe 10 Juni 2024, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa mkoa wa Mbeya, ndege ya jeshi la Malawi iliyokuwa imembeba Makamu wa Rais Saulos Chilima ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya uono hafifu. Iliambiwa irudi Lilongwe. Haikufika. Ilianguka katika msitu wa Chikangawa, na wote 9 waliokuwamo wakapoteza maisha.

Kurudi salama huanza kabla ya kuondoka, kwenye hesabu ya mafuta. Ndege yenye injini za taabini inayokwenda Songwe hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na ya kuzunguka dakika 30 kwa futi 1,500 juu ya uwanja huo, bila kusahau ziada ya dharura. Uwanja wa akiba hauchaguliwi kwa ukaribu peke yake. Unatakiwa uwe na hali ya hewa nzuri saa hiyo, njia inayoitosha ndege, na huduma za kuipokea na kuijaza mafuta. Iringa iko jirani, lakini asubuhi yenye ukungu Songwe inaweza kuwa na mawingu Nduli pia, maana nyanda ni zilezile. Ndiyo maana mara nyingine chaguo la busara ni Dar es Salaam.

"Lakini si kuna rada?"

Hoja nne husikika kila ndege inaporudi. Tuzipitie.

- *"Songwe kuna rada."* Ni kweli. Ni miongoni mwa viwanja vinne vilivyofungiwa rada mpya, pamoja na Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Rada humwonyesha mwongoza ndege ndege ilipo. Haimwonyeshi rubani njia ya kurukia.
- *"Kuna taa."* Taa husaidia sana usiku na katika ukungu mwepesi. Ukungu wa futi 100 unazimeza hadi dakika ambayo rubani alitakiwa awe ameshaamua.
- *"Ndege inajiendesha."* Inaweza kushika njia na kimo yenyewe. Kutua yenyewe kunahitaji mawimbi ya redio yanayotoka ardhini, yaliyopimwa na kuthibitishwa, pamoja na marubani wenye kibali cha kazi hiyo.
- *"Wafunge mtambo wa kuongoza kutua, yaishe."* Mtambo huo, uitwao ILS, una madaraja. Lile la kwanza, ambalo ndilo la kawaida duniani, humruhusu rubani kushuka hadi futi 200 juu ya ardhi, na hutaka uono wa mita 550. Rudi kwenye taarifa yetu ya mfano: mita 400, futi 100. Hata kwa mtambo huo, ndege ile ingerudi.

Ya kukumbuka

1. Ndani ya wingu mwili haufai kuwa shahidi. Rubani hufuata vyombo.
2. Mtihani wa karatasi hupima maamuzi yaliyokwisha kuwekwa: kimo gani, mgandamizo gani, uono gani, mafuta kiasi gani.
3. Mtahini angani hutaka kuona kama mtahiniwa ataacha kutua namba inapomtaka aache.
4. Upimaji hurudiwa mara mbili kwa mwaka kwa wanaobeba abiria.
5. Kurudi ni utaratibu uliochorwa na kuwekewa mafuta tangu ndege ikiwa chini.

Kwa msafiri, jambo hili lina faida ya vitendo. Ukungu wa bondeni huyeyuka jua likipanda, kwa hiyo safari ya mchana ina nafasi nzuri zaidi ya kutua kuliko ya alfajiri. Na akitaka ndege zirudi mara chache, ayaelekeze madai yake kunakostahili. Kiwango cha chini cha kutua kinaweza kupunguzwa kwa mitambo bora, taa bora na upimaji bora wa hali ya hewa uwanjani, na hivyo vyote ni vitu vya kuwauliza TCAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mbunge wake wakati wa bajeti. Aliye chumba cha rubani hana uwezo wa kuipunguza namba ile hata kwa futi moja, na kibali chake alipewa kwa sharti kwamba hatajaribu.